Silanga si kidimbwi

Mnamo Desemba 2021 picha moja iliyopigwa kutoka angani ilizunguka dunia nzima. Ilionyesha mizoga ya twiga sita ikiwa imelala katika ardhi kavu karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya wanyama ya Sabuli, kaunti ya Wajir. Twiga hao walikuwa wamekwama topeni walipoingia kunywa mahali palipochimbwa kuhifadhi maji ya mvua, ambapo maji yalikuwa karibu kwisha. Walifia hapo, na mizoga yao ikaondolewa ili isichafue maji machache yaliyosalia. Waandishi wa ng'ambo waliandika juu ya ukame, wala hawakukosea, kwani ukame ule ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020 ulikuja kumeza misimu mitano ya mvua mfululizo.

Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maneno, nilijiuliza swali jingine. Twiga wale walifia wapi hasa? Nilipowauliza wenzangu kazini, mmoja alisema kidimbwini, wa pili akasema bwawani, wa tatu silangani, na wa nne, ambaye hajawahi kuvuka daraja la mto Tana kuingia Garissa, akasema ziwani. Huenda msomaji akaona kuwa huu ni ubishi wa wasomi wasio na kazi. Naomba anivumilie kidogo, kwa sababu nakusudia kuonyesha kwamba jina tunalolipa jambo huamua ni nani atakayelitunza na ni nani atakayelaumiwa likiharibika.

Kidimbwi ni maji yaliyotuama yenyewe baada ya mvua. Hakikuchimbwa na mtu, hakina mwenyewe, na kikikauka hakuna anayeulizwa. Bwawa ni neno pana, tena waweza kuliita hivyo hata lile la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981 katika mto uo huo wa Tana. Silanga, neno linalosikika sana Ukambani na Nairobi, ni shimo kubwa lililochimbwa na binadamu ili likinge maji ya mvua. Watanzania wana lambo, nalo lina maana hiyo hiyo. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera huiita silanga war, na zikiwa nyingi ni waro. Kisima kwao ni ceel, herufi c ikiwa ni ile ain ya Kiarabu, na ndilo neno lililomo katika jina la mji wa Elwak, kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu miongoni mwa Wakushi. Birika lililojengwa kwa mawe au saruji huitwa barkad, nalo ni ndugu wa birika letu la msikitini, mama yao akiwa Kiarabu. Ama Kiingereza cha ofisini, hicho huiita silanga kwa neno lile lile linalotaja kikaango cha jikoni.

Tukiiita silanga kidimbwi, kama tufanyavyo mara nyingi redioni na magazetini, tunamwondolea lawama aliyeichimba. Kitu kilichochimbwa kina mchimbaji, kina gharama, kina mpango, na kwa hiyo kina mtu wa kuulizwa. Silanga si kidimbwi.

Sasa tuutazame mpango wenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda na wanafunzi wangu kaskazini mwa mji wa Garissa kukusanya msamiati wa maji. Ulikuwa msimu wa deyr, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba, na silanga tuliyoifikia ilikuwa imejaa pomoni. Kando yake palikuwa na kibao chenye jina la mradi, ujazo wa maji na shabaha yake: maji ya mifugo na ya matumizi ya nyumbani. Niliwapa wanafunzi zoezi rahisi. Keti chini ya mgunga tangu asubuhi hadi alasiri, kisha andika kila kitenzi unachokiona kikitendeka hapa.

Orodha yao ninayo hadi leo. Kunywa, kunywesha, kuteka, kufua, kuoga, kuosha vyombo, kutawadha, kuogelea, kuvua. Vitenzi tisa. Kibao kilivijali viwili, labda vitatu. Vilivyosalia vilitendeka mchana kweupe, tena kila siku, lakini katika mpango havikuwamo. Wavulana waliogelea upande ule ule ngamia walikoshukia. Wanawake walifulia hatua chache kutoka pale wasichana walipotekea maji ya kunywa. Vijana wawili walikuwa na ndoana, wakivua samaki wadogo ambao nilishangaa kuwaona katika nchi ile kame.

Alasiri, mvulana wa miaka kama tisa aliteleza kutoka ukingoni akapotelea katika maji ya kahawia. Wenzake walipiga mayowe. Tulikuwa watu wazima wanane mahali pale, na miongoni mwetu hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mchungaji mmoja mzee alilala kifudifudi ukingoni, akanyosha bakora yake ndefu, na kwa rehema za Mungu mkono wa mtoto ukaishika. Nilisimama pale nikitetemeka, mimi mwenye shahada ya uzamivu. Lugha yetu ina kejeli zake. Mzamivu ni mtu anayezama vilindini akaibuka na lulu, lakini siku ile mzamivu hakuweza kuingia katika maji yenye kina cha mita tatu, na mzee ambaye hakupata kuingia darasani ndiye aliyeokoa roho ya mtoto.

Tangu siku hiyo naamini kwamba kitendo kisichotajwa katika mpango hakikomi kutendeka. Hutendeka bila ulinzi. Anayechora silanga bila kuandika neno kuoga hatazuia watu kuoga, bali atawafanya waoge mahali pa kunywea. Anayeiacha nje kuogelea hatazuia watoto kuogelea, bali atawaachia ukingo mkali unaoteleza.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwalimu wa sayansi katika kaunti hizi anaweza kuifanya ubaoni. Garissa hupata mvua ya kiasi cha milimita 300 kwa mwaka, ilhali jua lake linaweza kunyonya zaidi ya milimita 2,000 kutoka katika maji yaliyo wazi. Hiyo ni karibu milimita 6 kwa siku. Chukua silanga yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Eneo lake ni mita za mraba 6,000, na kwa hiyo kila siku inapoteza lita 36,000, yaani mitungi 1,800 ya lita ishirini, kabla ngamia hata mmoja hajainamisha shingo. Ndiyo maana wahandisi wenye busara hushauri silanga iwe na kina kirefu na uso mdogo. Mita za ujazo 12,000 zikitandazwa kwa kina cha mita 2 zinahitaji uso wa mita za mraba 6,000. Zikiwekwa kwa kina cha mita 4 zinahitaji uso wa 3,000 tu, na mvukizo hupungua kwa nusu.

Hapo ndipo penye mtihani. Silanga yenye kina kirefu na kingo za wima huhifadhi maji vizuri, lakini humeza watoto. Silanga pana yenye kingo za mteremko humruhusu mtoto kutoka, lakini jua huimaliza mapema, na tope linalobaki ndilo linalokamata wanyama kama twiga wale wa Sabuli. Hakuna umbo moja linaloweza kutimiza haja zote. Dawa yake ni kuzitenganisha kazi, na hatuwezi kuzitenganisha kabla ya kuzitaja.

Mtu ataniambia kwamba kuogelea ni utoro wa watoto, si haja ya jamii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na takriban robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Wengi mno walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na si katika mabwawa ya hoteli. Shirika hilo hupendekeza mambo yasiyohitaji utajiri: vizuizi vinavyowazuia watoto wasifike majini, kuwafundisha walio na umri wa kwenda shule kuogelea na kujihadhari, na kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kuokoa. Ile bakora ya mzee ilikuwa somo kamili.

Magonjwa nayo hayangoji kutajwa. Kichocho, ugonjwa unaomfanya mtoto akojoe damu, huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia, na umejulikana kwa muda mrefu katika miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura kando ya Tana. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini huwapa konokono vijidudu, na anayeingia kuoga huvipokea kupitia ngozi. Tena kuna mbu. Mayai ya baadhi ya mbu hukaa katika udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakingoja mafuriko. Mafuriko ya 1997 na 1998 yalipofika, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kaskazini-Mashariki. Ilirudi mwishoni mwa 2006 ikianzia Garissa, na kufikia 2007 ilikuwa imeua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, mbali na mifugo isiyohesabika na soko la mifugo lililofungwa.

Hata hivyo, udongo huo huo unaohifadhi mayai ya mbu huhifadhi pia uhai mwingine. Katika vidimbwi vya msimu vya mashariki mwa Kenya huishi samaki wadogo sana wa jamii ya Nothobranchius. Maji yanapokauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki ndani ya tope lililokauka kwa miezi mingi, na mvua inaponyesha huanguliwa. Watu wa kando ya Tana, yaani Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya, wamevua tangu jadi, na mto unapofurika kambare na perege huenea katika maji ya nyandani. Mfugaji wa Kisomali wa bara kwa desturi hakumthamini samaki, kwani aliyekuwa na ngamia hakuona sababu ya kufukuzana na kiumbe kisichokamwa. Lakini ukame wa mwaka hadi mwaka umewafundisha wengi kula wasichokizoea, na perege hula viluwiluwi vya mbu. Silanga yenye samaki, ikisimamiwa vyema, ni lishe na ni kinga. Isiposimamiwa, vijana watavua kwa vyandarua vya mbu walivyopewa wajikinge navyo usiku.

Je, dawa yake tukaichukue Ulaya? Hasha. Tunayo karibu. Ukishuka na barabara ya Garissa hadi Lamu utaikuta misikiti ya kale yenye mabirika. Birika la msikiti ni maji yanayotumiwa na watu wengi kila siku, na bado hayaharibiki upesi, kwa sababu lina adabu yake. Mtu hatumbukizi miguu ndani. Huteka kwa kata, akasimama pembeni, akajitawadhia nje, na maji machafu yakapata njia yao ya kutokea. Na katika mabirika mengi ya Lamu, ya misikitini na ya majumbani, waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Wazee wale walikuwa na kanuni moja: maji huufuata mwili, mwili hauyafuati maji.

Majirani zetu Waborana nao wana cheo cha aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha kisimani. Yeye ndiye anayejua ni ng'ombe wa nani watakaokunywa leo na wa nani kesho, na neno lake husikizwa. Basi tuna mfano wa umbo katika birika, na mfano wa usimamizi katika aba herega. Kilichobaki ni kuviunganisha.

Silanga iliyopangwa kwa kanuni hiyo ingezungushiwa ua, hata kama ni ua wa miiba, ili asiingie mnyama wala mtoto. Juu yake, mlangoni mwa maji, pangekuwa na shimo dogo la kunasia mashapo. Chini yake, bomba moja lingepeleka maji kwa mteremko hadi kwenye birika la mifugo, jingine hadi mahali pa kutekea. Mbali kidogo pangekuwa na vyumba vya kuogea, cha wanawake na cha wanaume, na sakafu ya kufulia. Na pembeni pangechimbwa kibwawa kidogo cha mteremko wa pole, maji yakifika kifuani mwa mtoto, chenye perege ndani yake na mtu mzima wa kukilinda. Maji yake yangekaguliwa konokono kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kuingia. Najua kuwa maji ya kibwawa hicho ni sehemu ya maji adimu, na wakati wa jilaal, kiangazi kikali, kitakuwa kikavu. Na kiwe kikavu. Wakati huo hata silanga haina maji ya kumzamisha mtu. Hatari ya kuzama huja na mvua, na mvua ndiyo wakati ambapo maji ya ziada yapo.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi hata za kuchimba, sembuse za kujenga vyumba vya kuoga. Nawajibu kuwa ua wa miiba hauna gharama ya saruji, na bomba la mita mia moja ni sehemu ndogo sana ya gharama ya matingatinga. Wapo wengine, wenye hoja nzito zaidi, watakaokumbusha kwamba maji mengi mahali pamoja huvuta makazi na kumaliza malisho. Hilo ni kweli, na limeonekana Wajir, ambako vijiji vimeota pembeni mwa maji mapya. Lakini hoja hiyo inahusu tuchimbe wapi na ngapi. Haijibu swali la watoto wanaoogelea katika zile zilizokwisha kuchimbwa.

Nairobi pia ina funzo lake. Mwaka wa 1953 lilikamilika bwawa baina ya Kibera na Lang'ata, lililokusudiwa kuwa akiba ya maji ya jiji. Watu waliendesha mashua za tanga humo, wakavua na kujiburudisha. Kisha mashapo, maji taka na magugu maji vikalivamia hadi likawa kama shamba la majani. Kijiji kimoja cha Kibera kinaitwa Silanga hadi leo. Jina limesalia, maji ya kuchezea hayapo. Ikiwa bwawa lililo karibu na Bunge linaweza kufa hivyo, silanga ya Balambala au Habaswein, ambako mgeni hufika mara moja kwa mwaka, itatunzwa na nani kama si wenyeji walio na neno katika mpango wake?

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti huduma za maji, na imezitaka ziwashirikishe wananchi. Mikutano ya kuwashirikisha wananchi huitishwa, lakini mara nyingi hati zake ni za Kiingereza cha mita za ujazo. Mama anayefua hana kitenzi chake humo, na mtu asiye na kitenzi hana hoja.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi, walimu na wanafunzi wa Kaskazini-Mashariki. Ile kazi ya orodha haihitaji ruzuku ya utafiti. Darasa moja la shule ya upili laweza kuketi chini ya mgunga siku moja ya Jumamosi, likaandika vitenzi kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na kuvihesabu. Mwalimu wa hisabati asimike mti wenye alama ukingoni ili wanafunzi wasome kina cha maji kila wiki na kuihesabu siku silanga itakapokauka. Mwalimu wa baiolojia awaonyeshe konokono. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, unazo mada za kuogelea na usalama majini, ambazo shule nyingi huziruka kwa kisingizio kwamba hazina bwawa. Basi zianze na bakora: aliye ukingoni alale kifudifudi, anyoshe fimbo, asijitose. Somo hilo halihitaji hata tone la maji. Kisha orodha hiyo ya vitenzi ipelekwe katika mkutano wa kaunti na isomwe kwa sauti, silanga inayofuata kabla haijachorwa.

Lile swali langu la kwanza sasa nalijibu. Twiga wa Sabuli walifia silangani, mahali palipochimbwa na mikono ya watu. Ukame ndio uliowaua, lakini tope lililowashika lilikuwa na mchimbaji, na ukingo walioteremkia haukuwazuia. Twiga hana sauti ya kudai kitenzi chake kiandikwe. Yule mtoto wa Garissa anayo, akifundishwa kuitumia. Nami, kwa kuwa aibu humfundisha mtu, nimeanza kujifunza kuogelea katika umri huu, nikiwa na watoto wa darasa la tatu wanaonicheka kila Jumamosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.